Umeme Usipandishwe Katika Reli ya Mama Anastasia

Temeke, Dar es Salaam
Jumatatu, 15 Oktoba 1956

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wino ungalipo na miwani haijapotea. Mimi si mzima sana, lakini ugonjwa wangu si wa hospitali. Ni wa reli, ndiyo maana nimeuleta gazetini.

Jina langu ni Gozbert, mtu wa Bukoba kwa kuzaliwa na wa Temeke kwa kuzoea. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtia kuni katika injini za gari la moshi, kutoka hapa hadi Tabora na kurudi, mpaka injini zilipofundishwa kunywa mafuta mazito nami nikaambiwa nikapumzike. Sikulalamika. Nilipewa mkono na cheti, nikaja Temeke kupumzika, nikaona kupumzika ni kazi ngumu kuliko kupasua magogo.

Ndipo tukaanzisha Chama cha Wapenda Reli. Tuko wanne. Yupo Polikarpo, mchonga vinyago aliyetoka Newala, mtu wa maneno machache na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Yupo Mwalimu Wilbert, anayefundisha hesabu, ambaye huletewa kwa posta magazeti ya Ulaya yenye picha za treni. Yupo Mama Anastasia, mjane wa gadi, yule mtu anayepunga bendera nyuma ya treni. Nyumba tunayokutania ni yake, na bendera mbili za marehemu, ya kijani na nyekundu, anazo yeye. Wa nne ni mimi. Kila Jumapili baada ya Misa tunakunywa chai kwake na kuzungumza reli mpaka jua linapoelekea Pugu.

Nasi hatuzungumzi tu. Sebuleni kwa Mama Anastasia tumejenga reli. Inaanzia mlangoni, inapita chini ya meza, inazunguka kabati la vyombo, inarudi mlangoni. Injini kachonga Polikarpo kwa mpingo, na tumbo lake ni kopo la shaba aliloliziba fundi wa mataa. Mabehewa ni matatu. Daraja la kwanza wamekaa maharage wawili, wamejinyoosha. Daraja la pili wamo maharage kumi. Daraja la tatu wamo choroko mia moja na ishirini, na wengine wako juu ya paa. Tumefuata hali halisi.

Humo tumboni mwa injini, Ndugu Mhariri, kulikuwa na maji ya kweli, na chini yake moto wa kweli, na moto huo nilikuwa nautia mimi. Wiki nzima nilikaa barazani kwangu nikichonga kuni nyembamba kama njiti, nikizipanga katika kiberiti kitupu. Jumapili nilipiga magoti, nikawasha, maji yakachemka, Mama Anastasia akapunga kijani, na treni ikatambaa kuzunguka chumba kwa dakika tatu hivi, ikitoa moshi. Hakuna aliyeiendesha. Moto ulijua kazi yake.

Sasa Mwalimu Wilbert anataka kuleta umeme. Malalamiko yangu ni haya.

LA KWANZA ni la lugha, na wewe kama mtu wa lugha utalielewa haraka. Kitu hiki kinaitwa gari la moshi. Ukiondoa moshi, linabaki gari la nini? Nilimwuliza Mwalimu mbele ya wote. Akasema, "Mzee Gozbert, litaitwa treni." Nikamwambia treni ni jina la kukopa, na aliyekopesha anaweza kulidai. Mama Anastasia alicheka, lakini nadhani alicheka chai.

LA PILI. Mwaka huu mwezi wa nane Mwalimu alikuja na gazeti lake, akatufungulia picha ya treni ya Ulaya inayokwenda bila moto, bila maji, bila kuni, ikiwa na pembe kichwani inayogusa waya. Akasema huko ndiko dunia inakoelekea. Polikarpo akatazama sana, akauliza umeme unapita juu au chini. Mwalimu akasema juu. Polikarpo akasema chini ni bora, upite ndani ya reli zenyewe, kwa sababu pembe itavunjika chini ya meza. Wakabishana Jumapili nzima kama umeme upite juu au upite chini. Msimamo wangu ulikuwa kwamba usipite. Katika kumbukumbu za mkutano, ambazo Mwalimu ndiye mwandishi wake, msimamo huo haumo.

LA TATU ni ajali, na hili nitalieleza kwa urefu.

Jumapili ya tarehe 23 Septemba nilifika kama kawaida, kiberiti changu mfukoni kimejaa. Nikakuta kopo la shaba limetolewa tumboni mwa injini, limewekwa dirishani, na ndani yake mna maua. Mahali pake imetiwa mota ndogo iliyokuwa ikipangusa kioo cha lori kabla lori hilo halijapinduka. Chini ya meza kulikuwa na betri ya lori lilelile, Mwalimu kaileta kwa baiskeli. Umeme wa kampuni haujafika mtaani kwetu, nami nilidhani hiyo ndiyo salama yetu. Kumbe umeme siku hizi hubebwa kama gunia.

Nilikaa kitini. Niliweka kiberiti changu juu ya goti, ili kikitakiwa kisitafutwe. Hakuna aliyekitaka.

Mama Anastasia aliniona. Akaniambia kwa upole, "Mzee Gozbert, usichukie. Moto wako umenitobolea mapazia mawili na mkeka, nami nimekaa kimya kwa heshima. Leo tujaribu hivi." Ndugu Mhariri, ningependa ieleweke kuwa pazia la pili lilikuwa na tundu tangu mwanzo, ingawa dogo.

Mwalimu akasema, "Haya, tayari!" Bendera ya kijani ikapungwa. Akagusanisha waya. Treni haikuondoka, iliruka. Haikutambua kona ya kabati kuwa ni kona. Ilikwenda moja kwa moja kama mtu mwenye hasira, ikachomoka relini na kutokea mlangoni. Wakati huohuo Katekista Revelian alikuwa akiingia kutusalimu. Injini ya mpingo ikampiga kwenye ugoko. Aliporudi nyuma alikanyaga daraja la tatu lote, choroko zikamtelezesha, akaketi ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Kisha akasema, "Mama Anastasia, mimi nilikuja kubisha hodi tu."

Waliojeruhiwa katika daraja la tatu hatukuweza kuwahesabu, kuku waliwahi kufika. Maharage wawili wa daraja la kwanza walikutwa kitini mwao, hawajatikisika.

Nilisimama, nikavaa kofia yangu, nikasema, "Mimi kwaherini." Sikurudi Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine, wala jana. Kwa jirani nasikia wamejaribu kila mara, na kila mara treni imeanguka kwenye kona ileile. Sikufurahi kusikia. Nilifurahi kidogo.

LA NNE nimelifuta, kwa kuwa lilimhusu mke wa Mwalimu, naye hana kosa.

LA TANO ndilo linalonifanya niandike kwa gazeti badala ya kununa nyumbani peke yangu. Mambo haya hayataishia sebuleni. Leo wametia umeme katika treni ya mpingo, kesho wakubwa wataona inawezekana, kesho kutwa waya utatandazwa kutoka stesheni ya Dar es Salaam hadi ziwani. Fikiri nami hatua kwa hatua. Injini ya umeme hainywi maji. Isiyokunywa maji haina sababu ya kusimama Ngerengere. Isiposimama Ngerengere, abiria hawatanunua mayai ya kuchemsha dirishani. Shemeji yangu Kokushubila, mdogo wa marehemu mke wangu, anauza mayai hapo, naye hana kazi nyingine. Mayai yasiponunuliwa hayatachemshwa. Yasipochemshwa yataanguliwa. Kuku watakaopatikana hatutawaweza: wataingia mashambani, watakula choroko zote za nchi, na reli yetu itakosa abiria wa daraja la tatu. Bila daraja la tatu, nani atalipa gharama ya daraja la kwanza? Mimi sikusoma sana, lakini hesabu hii nimeirudia mara nne na kila mara inafika hapohapo.

LA SITA. Waya mrefu ukipatikana, Mama Anastasia ataanikia nguo. Nimemwona akiutazama.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kwa heshima gazeti lako liiombe Serikali mambo machache. Itangaze kwamba gari lolote la moshi, kubwa au dogo, la chuma au la mti, haliruhusiwi kuvutwa na kitu kisichoonekana kwa macho. Itume mkaguzi Temeke, ikiwezekana Jumapili baada ya Misa, ashuhudie kopo langu la shaba linavyodhalilishwa kwa maua. Na kama Serikali ina shughuli nyingi, basi itume tu barua kwa Mwalimu Wilbert yenye mhuri mkubwa. Ni mtu wa kuheshimu mihuri.

Sitaki kudhaniwa mtu wa kale. Mimi nayapenda maendeleo. Nina taa ya karabai. Lakini mtu aliyezoea kuulizwa kila wiki, "Mzee, moto tayari?" anapoacha kuulizwa, anakaa barazani akichonga njiti zisizokwenda popote, na wapita njia wanadhani zinauzwa. Juzi mtu mmoja aliniomba ya kuchokolea meno. Nilimpa.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapangaji herufi na wafagiaji pia. Msalimie mama watoto, na wasomaji wako wa Kinondoni, Magomeni na Ilala, hata wale wasiopenda reli, pengine hawajabahatika kuipanda. Ukikutana na Katekista Revelian mwambie ugoko wake tunauombea.

Nami nabaki wako, nimekaa upande unakoelekea moshi,

Gozbert,
mtia kuni mstaafu

Nyongeza. Jumapili, 21 Oktoba.

Barua hii imekaa mezani wiki nzima nikitafuta bahasha inayolingana na uzito wake. Sikuichana, kwa sababu mwandiko wake umenyooka. Lakini sharti nikueleze la leo.

Baada ya Misa Mwalimu Wilbert alikuja barazani kwangu peke yake. Alinipa shikamoo, akasimama mpaka nikamwambia aketi. Akasema, "Mzee, mie najua waya tu. Mwendo wa treni siujui. Nimetengeneza mpini wa kuongeza na kupunguza umeme, lakini kila nikiushika tunaanguka. Hapa kwetu hakuna aliyeiona treni ikitoka stesheni mara nyingi kama wewe. Njoo uushike."

Nilikwenda. Mpini wenyewe ni wa kijiko cha chai.

Ndugu Mhariri, kwa miaka kumi na tisa nilisimama hatua moja nyuma ya mkono wa dereva, nikiutazama unavyofungua taratibu na unavyopunguza kabla ya kona, hata kabla kona haijaonekana. Niliujua mkono ule kuliko wangu. Lakini mpini haukuwa wa mtu kama mimi kuugusa. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, na sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Leo nimeushika. Mama Anastasia alipunga kijani. Nilifungua kidogo, kisha kidogo tena, na tukaondoka mlangoni kama treni ya barua ya asubuhi. Kwenye kabati nilipunguza. Tulizunguka mara kumi na moja, na abiria wote wamefika salama. Polikarpo, ambaye husema machache, alisema, "Naam."

Tafadhali basi uiombe Serikali ilete umeme upesi, kutoka hapa hadi Kigoma, na mtu wa kushika mpini ikimkosa, ninapatikana Temeke. Barua yangu uichape upande wowote upendao, ila pale chini ufute hayo maneno matatu ya mwisho, uandike: Gozbert, dereva.