Jembe la Bibi Robiya

Ergash alisikia mpini ukikatika nyuma ya ukuta wa udongo, akasimama. Wako watu wanaosikia pilau likiiva mtaa wa tatu. Masikio yake yeye yalikuwa kwenye majembe. Wahunzi wa Kokand walikuwa wakigombania majembe ya chuma cha zamani, na wajane wengi wa mji ule walikuwa nayo bila kujua thamani yake.

Akabisha hodi, begani jembe jipya linalong'aa, jepesi kama kifuniko cha sufuria.

"Pole, mama. Jembe likivunja mpini siku ya zamu ya maji, lina nuksi hilo. Nipe nikalitupe, uchukue hili."

Bibi Robiya alimtazama. Maji ya zamu yake yalikuwa njiani, na mtaro umejaa tope. Yakikuta tope yangempita kwenda kwa jirani, na mizabibu yake ingekauka.

"Kunywa chai kwanza, mwanangu." Akammegea mkate. "Hili la marehemu mume wangu, kulitoa hivihivi roho itaniuma. Darini kuna tawi kavu la mforsadi. Nichongee mpini. Jembe likicheza kwenye mpini, lina nuksi kweli, lichukue. Lisipocheza, linabaki, na hilo lako unaniachia. Apa kwa mkate."

Ergash akaapa huku moyo unacheka. Jembe kucheza au kutocheza, si anaamua fundi? Akachonga, akalainisha mpini kwa kigae cha chupa, kisha akagongea kabari nyembamba kama dhamiri yake.

"Lijaribu mtaroni," bibi akasema.

Akachimba. Alipofika kwenye mkomamanga, jembe likaanza kucheza. Akaficha tabasamu.

"Unaona, mama?"

"Naona. Malizia hadi ukutani, tusije tukalisingizia."

Maji yakaingia, yakamfika vifundoni, naye akaendelea kuchimba humohumo. Mti ule mkavu wa mpini ukanywa kama ngamia, ukavimba ndani ya tundu la jembe. Alipolitikisa, halikutikisika. Alipoligonga jiweni, jiwe ndilo lililopasuka.

Mtu anaweza kukikana kiapo chake, lakini mkate ulioapiwa ulikwisha kukaa tumboni. Ergash akayaegemeza majembe yote mawili ukutani.

"Mume wangu naye alikuwa mvivu wa kabari," bibi akasema, akimmiminia chai. "Alikuwa akisema maji yatamalizia. Haya, niambie kweli, hili lako linafaa nini?"

Ergash akafikiri kwa uaminifu, jambo lililomchukua muda.

"Labda kukaangia mayai, mama."

"Basi usiondoke na njaa," bibi akasema, akaling'oa mpini jembe lile jipya, akalibandika jikoni.