Klachi Kavu ya Baba Watoto

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu ni fundi! Tena si wa kubahatisha. Pikipiki ya marehemu baba yake, iliyolala stoo chini ya turubai, leo imeamka. Ila akikamata klachi inagonga: kachakacha, kama vijiko ndani ya sufuria. Nikamwambia kuna kitu kimelegea. Akacheka. Akasema mama, hii ni klachi kavu, pleti zake hazikai kwenye mafuta, ndivyo zinavyoongea. Akili hizo kazitoa wapi? Kwangu.

Jumanne, 5 Machi
Mama Mapacha, jirani, kauliza eti siku hizi tunasaga kokoto? Klachi ya pikipiki ya mwanawe inaogelea kwenye mafuta, inapita kimya kama paka. Kalirudia hilo mpaka basi. Kumbe tofauti ni mafuta tu? Mafuta ninayo!

Jumatano, 6 Machi
Nimeyapitisha kwenye matundu ya kifuniko cha klachi. Chupa nzima. Mimi si bahili.
Jioni: kimya, raha! Lakini kilima kimemshinda. Injini inapiga kelele, gurudumu halina habari. Mwanangu kairudisha akiisukuma, jasho chapachapa. Kauliza nani kamwaga mafuta. Nikasema labda mvua. Kasema pleti zikiwa zimeungua, nyingine hazipatikani. Pikipiki ya baba itakuwa chuma chakavu.

Ijumaa, 8 Machi
Mume wangu hakuwahi kupiga honi. Akifika kwenye kona anakamata klachi, kachakacha, nami nainjika chai. Inachemka akivua viatu. Na nilivyokuwa nikimsema kwa kelele zile! Leo kona imenyamaza. Chai sikupika.

Jumamosi, 9 Machi
Mwanangu kaosha pleti kwa petroli, moja moja, kazipiga msasa. Katoka kuijaribu kilimani. Mimi jikoni, masikio yote kwenye kona. Kimya. Kimya. Kachakacha! Mkono ukalifuata birika wenyewe. Nikajikuta nimemimina vikombe vitatu. Mwanangu akakiona cha tatu, akakinywa. Baba yake mtupu!

Jumapili, 10 Machi
Namwonea huruma Mama Mapacha. Mwanawe anarudi kimya, ghafla yuko mlangoni, hata maji hayajainjikwa. Maskini! Nimemuuliza fundi wangu, kijanja, mafuta ya klachi kama ya mwanawe yanatolewa wapi. Kasema chini ya injini, nati moja tu, ndiyo hayohayo ya injini. Akataka kuendelea kueleza, nikamwambia inatosha mwanangu, nimeelewa. Spana ninayo. Kesho majirani wakitoka tu na kuiacha pikipiki! Atanishukuru.