Dada Yangu Madhulata

Jumamosi, 11 Agosti
Bombay mvua tu. Nimemtazama Madhulata sinemani kwa mara ya kumi na tisa, kiti cha mbele kabisa. Ule wimbo wa bustanini ananiangalia mimi. Jirani yangu Pandhari anadai anamwangalia yeye. Yeye! Na meno yale!
Barua ya dada yangu Kumud kutoka Nashik. Baada ya miaka mitano mumewe amekubali: Jumanne, sikukuu ya rakhi, uzi wa dada kwa kaka yake, atakuja kunifunga kwa mkono wake badala ya kuituma kwa posta. Ila lazima arudi na treni ya saa tisa. Nimelia kidogo. Nimemnunulia sari ya kijani.

Jumapili, 12 Agosti
Gazetini! Jumanne saa nne asubuhi, kwenye geti la studio, Madhulata atawafunga rakhi askari wa trafiki. Atawashika mkono! Najua, najua: mwanamke akishakufunga uzi ule ni dada yako, mapenzi kwisha. Lakini nitampa barua yangu ya mapenzi kabla hajafunga, kisha nichomoke. Kiwandani kwetu tunashona sare za askari. Kuna moja inangoja vifungo; nitaivaa mimi.
Nimemweleza Pandhari, maana siwezi kunyamaza. Kacheka mpaka kakohoa. Eti na dada yangu je? Nimemwambia saa nne siyo saa tisa, bwana, ajifunze kusoma saa.

Jumanne, 14 Agosti
Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.
Saa nne wapi! Madhulata kafika saa saba na nusu. Ningeondoka. Miguu ilikataa. Na Kumud yuko chumbani kwangu, hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, maana dada hali mpaka amfunge kaka yake.
Zamu yangu ikafika. Manukato yale! Uzi hufungwa mkono wa kulia. Barua nayo nilikuwa nimeishika mkono gani? Wa kulia! Mjinga mimi! Akauvuta, barua ikaanguka topeni, akakaza mafundo mawili, akanisokomeza kitamu cha ladu mdomoni nisiweze hata kusema. Kisha kwa sauti ile ile ya filamu akauliza, haya kaka, zawadi yangu iko wapi? Wapiga picha wanangoja. Kwapani nilikuwa na sari ya Kumud, nipite nayo moja kwa moja nyumbani. Nikampa. Akampa mtumishi wake bila kuifungua.
Nimefika nyumbani saa tisa na nusu. Kumud kaondoka. Pandhari kakaa mlangoni kwangu, uzi wa Kumud mkononi mwake, na vitamu vya maziwa alivyonipikia mimi vimebaki viwili. Hakunicheka. Alisema dada alikuwa anatetemeka kwa njaa na hakukubali kula bila kufunga, ikabidi ampe mkono wake. Alisema muda wote macho ya Kumud yalikuwa kwenye ngazi. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 16 Agosti
Picha imetoka. Madhulata na kaka zake. Mimi wa tatu, mashavu yamejaa ladu. Mwajiri wangu Sulaiman katambua mshono wake mwenyewe. Nimefukuzwa kabla ya chai.

Jumamosi, 20 Oktoba
Barua ya Kumud! Hana kinyongo. Baada ya Diwali, siku ile kaka huenda kula kwa dada yake, niende Nashik. Amembembeleza mumewe wiki nzima. Atapika kila ninachokipenda. Anasema hataki zawadi, anataka anione tu.
Nimelia sana safari hii. Nimeapa mbele ya picha ya mama. Nimekata tiketi.

Jumapili, 21 Oktoba
Sikulala, nilikuwa nawaza. Kaka huenda kula kwa dada yake. Na Madhulata sasa ni nani kwangu? Ushahidi uko gazetini! Mila ni mila, hawezi kunifungia mlango siku hiyo. Nikishakaa mezani, taratibu nitamweleza kwamba uzi ule hauhesabiki, kwa kuwa mimi si askari.
Tiketi ya Nashik nimempa Pandhari. Kumud hatajali. Wameshazoeana.