Malalamiko juu ya Farasi wa Mzee Zakaria Anayezidisha Salamu

Kasongo

Kwa Mama Léocadie,
Prezidanti wa kikundi cha akina mama wa parokia, Kabambare

Mama Prezidanti mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya mito miwili, na sababu utaiona mbele.

Mlinituma nimtazame Maridadi, farasi dume wa Mzee Zakaria, nipande mgongoni mwake, halafu niseme kama anafaa kuzaa na Subira, farasi jike wetu. Uzito wa jambo naujua. Padre wa zamani alipotuachia Subira alituachia gari la wagonjwa, maana barabara yetu inavunja hata pikipiki. Lakini Subira anazeeka. Asipopata mtoto mwaka huu, wanaume wa kamati ya parokia watamtoa kwa watu wa Lusangi abebe mifuko ya mchanga wa machimbo, na sisi tutarudia kubeba wajawazito kwa kipoyi, ile machela ya miti, mabegani. Kwa hiyo nimechunguza kwa moyo wote, na kwa masikitiko naomba kikundi kimkatae Maridadi. Sababu ni hizi:

1. Ni mzuri kupita kiasi. Rangi yake ni ya mawese yaliyochujwa vizuri. Nilikuwa tayari kumtazama meno kama ulivyoniagiza, lakini yeye ndiye alinitazama kwanza, mpaka nikajikuta ninatengeneza kitambaa changu cha kichwa. Kisha akakila. Si kukionja, Mama. Kukila.

2. Ni mrefu. Walileta kiti, hakikutosha. Wakageuza kinu, nikapanda juu yake. Gaston wa pikipiki, aliyenileta huku, akanisukuma kwa nyuma akiwa ameangalia pembeni kwa heshima. Kufika juu nikashika masikio. Mama Régina, mke wake Mzee Zakaria, akapiga kelele: "Weye Mama, acha masikio! Hii iko farasi, haiko pikipiki!" Mtaa mzima ukacheka.

3. Anasalimu. Mzee Zakaria hapiti mlango wa mtu bila kusalimu, na miaka yote anapita akiwa juu ya huyu farasi. Basi mnyama amejifunza. Kila nyumba anasimama, anainamisha kichwa, anangoja. Ukimhimiza anageuka kukutazama kama mtu asiye na malezi. Nilisalimu nyumba tisa za watu nisiowajua: habari za asubuhi, watoto wazima, mihogo imeota. Nyumba ya kumi ilikuwa na matanga. Akaingia nami mpaka uani. Wakanishusha, wakaniketisha mkekani, nikalia, Mama, maana watu wakilia vizuri namna ile, nani atabaki na macho makavu? Nikapewa bugali na samaki wa Lualaba. Ndipo binti wa marehemu akaniuliza kwa upole: "Mama, weye ulimujua baba wapi?" Ningedanganya na rozari iko mkononi? Nikamwambia: "Mie sikumujua. Farasi ndiye alimujua." Akanikumbatia, akasema ni kweli, baba alikuwa anampa maganda ya ndizi.

3 bis. Sasa fikiri matokeo. Mtoto wa Subira atafuata baba. Tutampandisha mama mwenye uchungu, na farasi atasimama kila mlango kuuliza habari. Mtoto mchanga atazaliwa nyumba ya tano, na akifika nyumba ya sita atakuwa amekwisha kupewa jina na watu wasio ndugu zake. Nani atalifuta hilo jina?

4. Adhana ya adhuhuri ilimkuta mbele ya msikiti. Akaganda. Hakupiga hata hatua moja mpaka watu walipomaliza sala. Mimi nikatoa rozari, nikasali mafumbo yote matano kule juu. Sijasali vizuri hivyo tangu komunyo ya kwanza. Hata hili ni lawama.

5. Anakimbia. Kwenye njia ya kurudi hakuna nyumba, na yeye aliliona hilo kabla yangu. Tukapita baiskeli, tukapita pikipiki mbili, tukampita Gaston mwenyewe, akapiga honi: "Mama Marcelline, polepole!" Yeye, aliyenirusha mashimoni siku mbili nzima! Nikafungua mdomo niite watakatifu, kikatoka kicheko. Kicheko kirefu, cha msichana, nami nina miaka hamsini na mbili na kadi ya kikundi shingoni. Kimekataa kwisha. Jana kilinitoka tena katika misa, wakati wa matoleo. Tukileta damu hii Kabambare, wagonjwa wetu watafika hospitali wakicheka, na daktari hatawaamini.

Kwa hiyo naomba kikundi kitafute dume mwingine: mbaya kidogo wa sura, asiye na marafiki, na ikiwezekana mwenye huzuni. Najua hakuna mwingine toka hapa mpaka ziwa Tanganyika. Lakini kanuni ni kanuni.

Unisalimie Christophe, mume wangu, binti yetu Nadine na wajukuu, Padre, na kwaya yote, hata sauti ya pili. Wanaume wa kamati uwasalimie kidogo tu.

Ni mimi mjumbe wenu, mwaminifu katika Bwana,
Marcelline

P.S. Hayo nimeyaandika asubuhi. Mchana nimekwenda kumwambia Mzee Zakaria hapana, na mdomo wangu ukamwambia ndiyo. Tumekwisha kupeana mikono. Subira aanze safari Jumatatu, atembee polepole, apumzike vivulini, na watu wa Lusangi waambiwe watafute baiskeli za mchanga wao. Mimi sirudi kwanza. Mzee Zakaria anaumwa goti, na lazima mtu ampande Maridadi kila siku mpaka bibi arusi afike. Mwambie Christophe anitumie suruali yake ya bluu. Ni kwa kazi ya parokia.