Meneja wa Duka la Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti
Likizo! Shangazi, fundi cherehani, amenipa simu ya duka nijibu ujumbe. Siku hizi wateja hawaji, wanaandika tu. Heri yangu! Mbele ya mtu nababaika mpaka nasahau jina langu. Ila mteja wa kwanza, aliposikia mimi mwanafunzi, akasema mtoto niende nikacheze, anataka wakubwa. Wakubwa! Nikasubiri kidogo, nikaandika kwamba Meneja ameshika simu. Papo hapo akaniita mzee wangu, akaagiza kanzu mbili.

Jumatano, 6 Agosti
Meneja anavuma! Ana miaka hamsini, presha na msimamo. Oda zinamiminika. Shangazi kasema nikiendelea hivi simu itabaki kwangu hata shule zikifunguliwa. Nikimharibia jina, narudi nyumbani kulea mapacha wa kaka. Mapacha wameota meno.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Mteja wa suti ni mwalimu wangu wa hesabu. Akamlalamikia Meneja kuhusu vijana wa leo. Meneja akalalamika zaidi. Mwalimu akasema ana msichana mmoja darasani, mpole, sauti haitoki. Afanyeje, mzee mwenzangu? Meneja akamshauri asimwite ubaoni kamwe. Kafurahi mno. Kesho anakuja kumpa mkono!

Ijumaa, 8 Agosti
Nikalivalisha koti sanamu la kuonyeshea nguo, nikaligeuzia mgongo mlango, simu sikioni. Mwalimu akaingia, akalipungia mkono. Nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe kwamba Meneja ana mazungumzo nyeti. Akasema atasubiri. Akaketi! Mara Shangazi katokea, pini mdomoni, akamkwapua Meneja kiunoni na kumbeba kwapani hadi dirishani.

Mwalimu akanitazama. Kumbe sauti ninayo, akasema, basi tutaonana ubaoni. Akacheka mpaka akalegeza tai. Shangazi hakucheka. Simu kanyang'anya.

Jumamosi, 9 Agosti
Pacha mmoja kaniuma sikio. Kisha Shangazi kapiga: wateja wamegoma, wanamtaka Meneja. Nirudi, ila niandike kama mimi, na Meneja astaafu. Nikaapa mara mbili.

Nikawatangazia kwamba Meneja amestaafu. Wakasikitika sana. Mmoja akauliza sasa nani mkubwa hapo. Nilitaka kuandika jina langu, kweli tena. Nikaandika kwamba ni Mkurugenzi, bosi wake Meneja. Bibi wa miaka sitini na tano, hapendi utani.

Mteja kaniamkia shikamoo!