Vidonge Vinne, Mayai Mawili na Namba ya Refa

Jumatatu, 3 Machi

Namba imeshuka! Miezi miwili iliyopita kipimo cha damu cha tezi dume kilionyesha sitini na nne. Leo tisa. Daktari aligeuza kompyuta nijionee mwenyewe. Nimebaki mdomo wazi. Miaka thelathini na minane natengeneza saa, nimezoea kuona kitu kidogo kikiendesha kikubwa, lakini hili limenizidi. Vidonge vinne kila asubuhi, basi! Daktari anasema havipigani na saratani ya tezi dume ana kwa ana. Vinazuia mwili kutengeneza homoni ya kiume, ambayo ndiyo chakula chake. Saratani inalala njaa. Ndani yangu mimi!

Nikatoka kifua mbele. Kwenye benchi la kusubiria akanidaka Refa. Huyu ni mgonjwa mwenzangu, alichezesha mpira miaka mingi na mpaka leo hapendi kubishiwa. Tulianza dawa wiki ileile. Nikamtajia tisa yangu, kwa unyenyekevu wa kujifanya. Akasema yake ni mbili, na alianzia sabini. Kisha akanipa pole.

Mbili! Furaha yote iliniishia pale pale.

Jumanne, 4 Machi

Joto limenipanda dukani saa nne asubuhi. Lilianzia kifuani, shingoni, hadi utosini. Mteja aliyekuja kuchukua saa yake ya ukutani akaniuliza kama ninaumwa au kuna jambo namdanganya. Mfamasia aliwahi kuniambia kwamba homoni ikishuka joto hupanda, nisishangae. Nashangaa! Sikuguswa na mtu, sikukaa juani, nimelowa chapachapa.

Mama watoto alipitia joto hilohilo miaka saba iliyopita. Nilimwambia afungue dirisha. Leo yeye amenipepea kwa gazeti. Afadhali angenisuta.

Nimempigia Refa kumjulia hali, yaani kumpeleleza. Joto humpanda mara sita kwa siku. Mimi mara tatu. Hata hapo ananishinda!

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua siri!

Ndani ya boksi la dawa mna karatasi ya maelekezo, maandishi kama mayai ya chawa. Nikavaa lenzi yangu ya jicho, ile ya kukagulia meno ya gurudumu la saa. Inasema dawa imezwe tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula, na nisile tena kwa saa nzima. Hayo nayajua, mfamasia aliyarudia mara tatu akinihesabia kwa vidole. Lakini mstari wa chini! Dawa ikimezwa pamoja na chakula, kiasi kinachoingia mwilini huongezeka mara nyingi. Mara nyingi! Wao wameliandika kama onyo. Mimi naona wametuficha neema.

Refa anameza tumbo tupu kwa sababu ametumikia sheria maisha yake yote. Mimi nikimeza na mayai mawili na mkate wa siagi, vinne vyangu vitafanya kazi ya ishirini. Na sitakuwa nimezidisha hata kidonge kimoja. Nani ataniita mdanganyifu?

Nimekiweka kidonge chini ya lenzi dakika kumi. Hakina springi, hakina gurudumu. Kinawezaje? Nilijiona mdogo sana mbele yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango umeanza. Kawaida nameza alfajiri, kabla mama watoto hajawasha jiko. Leo nilikunywa maji matupu mbele yake, vidonge nikavitia kwenye kasha la saa ya mkononi, mfukoni. Mezani, yeye akigeuka kuchukua chumvi, twaa! Vyote vinne, na yai juu yake.

Amefurahi kuona nimepata hamu ya kula. Akaniongezea yai la tatu. Roho iliniuma kidogo. Yai nililila.

Jumatano, 12 Machi

Dawa inafanya kazi kweli kweli. Miguu imevimba, soksi zinaacha alama kama mfereji. Kichwa kinagonga. Na moyo! Nimeusikiliza kwa sikio la kazi: mapigo mawili, kimya, pigo moja, kimya. Saa ya mteja ikilia hivyo naifungua siku hiyohiyo.

Mama watoto ametazama miguu akataka tupige simu hospitali. Nikamwambia ni viatu vipya. Viatu ni vya mwaka juzi, na alivinunua yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya.

Mama watoto aling'ang'ania kunisindikiza hospitali. Daktari alisoma majibu, akaweka kalamu chini. Namba ya tezi sikuambiwa hata. Presha juu. Madini ya potasiamu chini, ndiyo maana moyo unaruka. Ini limeumia, kipimo chake kimepita kiwango mara sita. Akauliza kama natumia dawa nyingine yoyote, za dukani au za mitishamba. Hapana. Kama nimezidisha vidonge. Hapana, nikasema, na uso mkavu.

Mama watoto akafungua mkoba, akaweka kasha la saa mezani. Alilikuta jana kwenye suruali ya kufuliwa, lina unga wa vidonge na makombo ya mkate. Akamwambia daktari kwamba mzee huyu ana mayai matatu kila asubuhi na siri moja. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Nikamwaga yote, hadi ile mbili ya Refa. Daktari hakufoka. Alisema mstari ule umeandikwa kwa sababu dawa ikizidi mwilini huumiza ini na moyo, wala haiui saratani zaidi. Alisema nilipaswa kupiga simu siku ile miguu ilipovimba. Na sasa dawa inasimama mpaka ini litulie. Nikauliza kama saratani itarudi kula. Akasema wataifuatilia, na mara nyingi ini hurudi. Lisiporudi, dawa hii sitaigusa tena.

Nimepewa dawa ya potasiamu na ya presha, moyo umepimwa. Mama watoto alinishika mkono hadi nyumbani, kwa nguvu ya kuumiza. Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumanne, 18 Machi

Refa amekuja dukani na saa yake ya kuhesabia muda, imekwama. Nilipomsimulia alikaa chini ghafla. Akakiri. Namba yake haikuwa mbili. Ilikuwa kumi na mbili! Aliona nimejaa maringo akashindwa kuvumilia.

Mtu aliyewatoa wachezaji uwanjani kwa kosa la kudanganya! Na mimi nimelivunja ini langu nikikimbizana na namba ambayo haipo. Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikaanza kucheka, naye akacheka, joto likatupanda wote wawili kwa pamoja. Tulikaa tunapepeana kwa gazeti moja, wazee wawili, machozi yanatutoka. Kumbe nampenda mtu huyu, sikujua.

Jumatatu, 31 Machi

Ini limerudi!

Nimemwomba daktari anionyeshe mara mbili. Hakuna fundi aliyeligusa, hakuna kipuri kilichobadilishwa. Limejitengeneza lenyewe, gizani, mimi nikilala. Miaka thelathini na minane sijaona saa hata moja iliyojirekebisha. Nililia pale ofisini wala sioni aibu.

Kesho naanza tena, vidonge viwili kwanza, tumbo tupu, damu ipimwe kila wiki mbili. Mama watoto ameshachukua boksi. Atanipa kwa mkono wake na kunitazama nikimeza.

Benchini tumeapa, mimi na Refa, kutotajiana namba tena maisha yetu yote. Tumepeana mikono. Amenikumbatia kabisa.

Ila alikuwa ameshika karatasi yake ya majibu juu chini, na mimi kazi yangu ni kusoma saa zilizopinduliwa. Ini lake thelathini na moja. Langu thelathini na nane, na hapa pia ndogo ndiyo mshindi.

Nimemuaga haraka. Nyumbani mama watoto aliniuliza mbona kimya, nikamwambia namshukuru Mungu, na ni kweli. Kaenda jikoni. Boksi la dawa kaondoka nalo.

Karatasi ya maelekezo kaisahau mezani. Nimevaa lenzi.