Pilau ya Nusu Fainali

Jumapili, 4 Agosti 1974

Taifa limeniita! Mimi, Jabir Athman, mwenye Shahada ya Sanaa, nimekabidhiwa mapokezi ya wageni katika mashindano ya kimataifa ya vijana. Baada ya nusu fainali, mwenyekiti wa kamati, Bwana Mukonyo, atateua Katibu Msaidizi. Majina yaliyo mbele yake ni mawili: langu na la Odero. Odero! Kazi yake ni kujaza mipira upepo. Shahada hana.

Amecheka na kuniambia kwamba mpira hauchezwi kwa Kiswahili sanifu. Wivu haujibiwi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimewatazama Wazambia, wapinzani wetu wa nusu fainali, wakifanya mazoezi katika uwanja wa Jamhuri. Farasi watupu! Golikipa wao anadaka mipira kama achumaye mapera. Vijana wetu watahitaji msaada. Nikirudi nyumbani Kileleshwa, msaada ukanijia kichwani: pilau. Mchana wa siku ya mechi tutawakirimu wageni mpaka wasiweze kuinama kufunga kamba za viatu. Hakuna kanuni inayokataza ukarimu. Nimezisoma zote.

Moja kwa moja hadi Ngara, kwa Shangazi Zena, mpishi wa harusi asiye na kifani. Akauliza ni nani anayeoa. Nikamwambia ni Kenya. Akasema basi ataongeza samli.

Jumanne, 6 Agosti

Mwenyekiti ameipenda karamu, tena kupita nilivyotaraji. Ameamuru timu yetu nayo ihudhurie. Wageni wakila peke yao, balozi wao atatuonaje? Kocha Kihara akapinga: vijana wake hula uji na ndizi siku ya mechi. Mwenyekiti akamuuliza kama kwao hawapokei wageni. Kocha akaketi.

Nikaahidi kuwafundisha vijana wetu adabu za sinia. Alasiri nikawapanga mstari, nikawaeleza kwamba mwenyeji hainui mkono kabla ya mgeni. Ukiacha kula wewe kwanza, umemfukuza. Nahodha wetu, Zadock, akauliza: je, mgeni asipoacha? Nikamjibu kwamba naye asiache. Wakanipigia makofi. Fahari iliyoje!

Jumatano, 7 Agosti

Saa saba masinia yakaingia. Harufu hadi barabarani. Kumbe kocha wa Zambia alikuwa amewaonya vijana wake mambo mawili: wasishibe, na wasimvunjie mwenyeji heshima. Basi wakala punje moja moja, huku wakisimulia habari za kwao. Vijana wetu, wanafunzi wangu watiifu, hawakuinua mikono. Masinia yakaisha. Shangazi akaongeza. Wageni wakachukua punje nyingine, wakaanza hadithi nyingine. Zadock akanitazama kwa macho ya kondoo wa Idi. Nikamwashiria aendelee. Odero, mlangoni, akaniuliza kwa sauti: msomi, umekuja kuwakirimu hawa watoto au kuwazika?

Zambia tano, Kenya bila. Beki wetu wa kulia aliketi chini katikati ya mchezo, akajilaza. Machela ikaletwa mbio. Hakuumia. Alikuwa amelala.

Hata hivyo! Mkuu wa msafara wa Zambia alitamka mbele ya balozi kwamba tangu azaliwe hajaona vijana wenye adabu kama hawa. Uwanja mzima ulisikia. Nilisimama wima, kifua mbele. Magoli matano husahauliwa; adabu haisahauliwi.

Alhamisi, 8 Agosti

Odero ameteuliwa Katibu Msaidizi. Nimempongeza kwa sentensi ndefu, fasaha, isiyo na kosa. Akaniambia niipumzishe, isije ikachoka. Kisha Mwenyekiti akaniita ndani: nisikaribie tena chakula cha timu yoyote. Jumamosi tunagombea nafasi ya tatu na Sudan, na kazi yangu ni maji ya kunywa. Maji tu, akarudia, akinyoosha kidole.

Nimetafakari kisomi. Mpango ulikuwa barabara. Kasoro ilikuwa ya pilau. Pilau huweza kuliwa punje punje. Kinywaji je? Ukinyanyua bilauri, sharti umalize! Shangazi Zena ana sharubati ya tende na maziwa, nzito kama uji, inayomlaza mtu mzima mpaka magharibi. Wasudani watagawiwa kabla ya firimbi ya kwanza.

Vijana wetu watatangulia kunywa, bila shaka. Mgeni hapewi kitu ambacho mwenyeji hajakionja.

Nimeagiza madebe mawili.